Tumelipa ada ya usafi, bado tunadaiwa laki mbili na nusu

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Nakuandikia huku simu inaita. Nikiiweka chini kidogo tu, inaingia meseji nyingine ya mwenye nyumba, na kila meseji ina picha ya taka.

Mdogo wangu anaolewa Desemba. Tukakubaliana shughuli ya hina isifanyike nyumbani, maana kwetu tumebanana na wapangaji wenzetu na maji yenyewe ya kubahatisha. Nikaingia Airbnb, ile programu ya simu ya kukodi nyumba za watu kwa siku chache, nikapata nyumba Mikocheni: vyumba vitatu, jiko kubwa, kibaraza, ua una kivuli. Tuliichukua Ijumaa mchana hadi Jumapili saa tano asubuhi. Juu ya bei ya kulala palikuwa na ada ya usafi shilingi 50,000. Nikalipa bila kunung'unika. Tuliandikisha watu sita, na waliolala ni sita. Jumamosi walipita kina mama na marafiki wa bi harusi kwa ajili ya hina, kama ishirini na kitu hivi. Wakala, wakaimba kidogo, saa mbili usiku wakatawanyika.

Sisi si watu wachafu, Anti. Mama mkwe wangu Jumapili alfajiri alikuwa keshashika ufagio. Amefagia, amedeki, ameosha vyombo vyote isipokuwa sufuria mbili za pilau ambazo ukoko ulikuwa umeng'ang'ania, tukaziloweka. Mume wangu alipokuja kutuchukua akamkuta mama yake ameinama na tambara mkononi. Akaja juu: "Mama, hiyo elfu hamsini tumelipa ya nini? Hotelini huwa unadeki?" Mama mkwe akamwambia hakulelewa kuacha uchafu kwenye nyumba ya watu, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mume akasema hata siku mbili hazijatimia. Nikawaacha hapo nikaenda kufunga mizigo.

Ukutani jikoni kuna karatasi ya masharti. Vueni mashuka. Kusanyeni taulo. Osheni vyombo. Toeni taka. Zimeni AC. Mashuka hatukuvua, kwanza muda ulikuwa umekwisha, pili mume wangu alikataa katakata. Lakini taka tulitoa. Zilikuwa viroba saba: vichwa vya samaki, matumbo ya kuku, vifuu, machicha ya nazi, sahani za kutupa, pampasi za watoto wa wageni. Pipa la nyumba nzima lilikuwa moja tu, lile dogo la jikoni. Nikamuuliza mlinzi tuweke wapi, akasema wekeni nje ya geti, gari litapita. Tukaweka nje ya geti.

Kumbe gari hupita Jumanne! Jumapili hiyohiyo mchana kunguru na paka wakafungua viroba vyote saba. Jirani akampigia mwenye nyumba, na Jumatatu asubuhi nikapokea bili kwa WhatsApp. Kuzoa taka na kuosha mbele ya geti, 70,000. Mashuka mawili na foronya zenye hina, 90,000. Vitanda kutovuliwa na sufuria chafu, 40,000. Usumbufu kwa majirani, 50,000. Jumla 250,000, nitume kwenye namba yake ya simu wiki hii, la sivyo ataniandikia maoni ambayo, kwa maneno yake, "hutapata nyumba tena mjini hapa".

Kuna na hili. Dada anayefanya usafi pale alinipigia mwenyewe kuniuliza kama kuna hereni tuliisahau. Nikamwomba radhi kwa yale ya getini. Akacheka, akasema amezoa tangu saa sita hadi magharibi na malipo yake ni yaleyale, 15,000 kwa nyumba nzima.

Mume wangu anasema isitoke hata shilingi, ada tulishalipa. Mama mkwe anasema nilipe zote haraka kabla aibu haijafika kwa wakwe wa mdogo wangu. Mimi nipo katikati, na Desemba nahitaji nyumba nyingine kwa ajili ya wageni wetu wanaotoka Tanga. Nifanyeje?

Dada wa Bi Harusi, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa shughuli.

Barua yako nimeitoa kwenye foleni nikaipandisha juu kwa sababu siku zinahesabika, nitakueleza kwa nini. Jibu langu kwa kifupi: utalipa, ila karibu laki moja, na hutatuma kwenye namba ya mtu. Mumeo ana hoja nzuri kwenye mambo mawili kati ya manne. Mama mkwe ana hoja kwenye mengine mawili. Kwa hiyo nyumbani kwenu hakuna aliyeshinda, na hilo pengine ni heri.

Tuanze na hiyo 50,000, maana ndiyo inayowagombanisha. Ada ya usafi huwekwa na mwenye nyumba mwenyewe, na inalipia usafi wa kawaida kati ya mgeni anayetoka na anayeingia. Yaani mtu aje abadilishe mashuka, asugue choo na bafu, afagie, adeki, afute meza, atoe taka ambazo watu sita wa kawaida wangezizalisha kwa siku mbili. Ndivyo hata Airbnb wenyewe wanavyoielezea, na papo hapo wanamtaka mgeni asiiache nyumba katika hali inayodai usafi wa kupindukia. Yote mawili yanasimama pamoja. Mumeo amelisoma la kwanza, mwenye nyumba amelisoma la pili.

Na ule mfano wake wa hotelini nimeucheka. Hotelini nani alishakuna nazi chumbani? Umekodi jiko, mwanangu, na jiko lina majivu yake.

Sasa nirudi kwenye sentensi moja uliyoipitia mbiombio. "Wakala, wakaimba kidogo." Kina mama ishirini na kitu, siku ya hina, Mikocheni, wakaimba kidogo. Haya. Nami nimezaliwa mjini hapa. Sikulaumu kwa shughuli, hina haipakwi kimyakimya, lakini uliandikisha sita na nyumba ikahudumia karibu thelathini. Airbnb walipiga marufuku sherehe kwenye nyumba zao, na Juni 2022 wakatangaza kwamba marufuku hiyo ni ya kudumu. Mwenye nyumba hajaligusa hilo kwenye bili yake, pengine hajalijua, pengine analiweka akiba. Ndiyo sababu nataka uongee naye kwa upole na usimruhusu mumeo aandike hata neno moja. Mtu mwenye sehemu dhaifu haendi kuvua shati.

Taka, basi. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo ugomvi wa nyumba hizi za siku mbilitatu unapoanzia kila mara, na wenye nyumba wengi wa Dar wanaandika "toeni taka" ukutani halafu wanadhani wamemaliza.

Uzitoe uzipeleke wapi? Jiji hili si mahali pa kuacha mfuko popote ukajua utakuwa salama hadi kesho. Kuna joto, kuna unyevu. Kichwa cha samaki cha Jumamosi jioni, Jumapili mchana kina nzi, Jumatatu kina funza. Kuna kunguru, hawa wa asili ya India waliojaa kila mwembe wa pwani, na kiroba kwao ni kazi ya dakika. Kuna gari la taka ambalo lina siku zake mtaani, na siku hizo zinateleza. Mzigo wa Mikocheni huenda kumwagwa dampo la Pugu Kinyamwezi, upande wa pili wa jiji, kupita uwanja wa ndege, kwenye foleni unazozijua. Mkaaji wa mtaa anazijua siku hizo, anajua pia kwamba taka hazitoki nje hadi honi isikike. Mgeni wa Ijumaa hadi Jumapili atajuaje? Ni wajibu wa mwenye nyumba kumwambia, na kumpa pa kuziweka katikati: pipa kubwa lenye mfuniko, ndani ya geti, kivulini. Pipa la jikoni la nyumba yenye vyumba vitatu ni mzaha.

Wapo pia wanaokwambia hawaweki mifuko ya taka kwa sababu serikali ilikataza plastiki. Katazo lililoanza Juni 1, 2019 lilikuwa la mifuko ya kubebea bidhaa, zile rambo. Vifungashio vya kuhifadhia na kuzolea taka vilibaki halali. Mtu akikupa sababu hiyo, mwambie dukani ipo.

Mlinzi naye ni mtu wa mwenye nyumba. Mliuliza, akajibu, mkafuata. Kwa hiyo zile taka kuwa nje ya geti siku ya Jumapili si kosa lenu peke yenu, na hili uliandike wazi kabla halijasahaulika.

Lakini viroba saba ni vya kwenu. Kodi ya taka anayolipa mwenye nyumba kila mwezi inakadiriwa kwa familia, haikukadiriwa kwa shughuli. Hata gari lingepita siku ileile, vijana wa kwenye gari wangeviangalia vile viroba saba wakaomba "ya maji" kabla ya kuvigusa, na ingekuwa haki yao. Taka za wageni ishirini na kitu haziingii kwenye ada ya usafi ya watu sita. Halafu pampasi na matumbo ya kuku kuchanganywa kwenye kiroba kimoja na sahani za kutupa, hapo ndipo kunguru anapokuja kwa harufu ya kimoja akamwaga vyote. Cha mbichi kilipaswa kufungwa peke yake, mara mbili, na pampasi zikakunjwa zikafungwa peke yake. Machicha nashukuru hukuyamwaga kwenye sinki. Wengine huyamwaga, na bili ya fundi bomba ni kubwa kuliko hii.

Usidhani pia kwamba njia ya mkato ingekuwa kumwita kijana wa guta apakie viroba aondoke navyo. Ukimjua na unajua anakopeleka, sawa. Ukimwokota barabarani, mzigo wako unaweza kulala mtaroni hatua mia tatu mbele, na Mikocheni ni bondeni. Mvua ya vuli ikianguka mtaro ukiwa umeziba, maji huingia sebuleni kwa watu.

Kwa hiyo kwenye ile 70,000 mimi ningetoa 40,000. Iliyobaki ni ya mtu asiye na pipa wala ratiba.

Mashuka. Hapa sina huruma sana. Hina ikiwahiwa ikiwa mbichi, maji ya baridi na sabuni huipunguza. Ikilala usiku mzima kwenye shuka jeupe, inabaki. Piko ndiyo kabisa, ile ni rangi ya nywele, dobi ataiangalia tu. Nyumba za namna hii zinapenda mashuka meupe, na bi harusi aliyepakwa mikono na miguu hulala kwenye kanga kuukuu au shuka la rangi alilokuja nalo. Kina mama ishirini walikuwepo, na hakuna aliyesema? Huu ni uharibifu, ada ya usafi haihusiki nao. Utalipa.

Utalipa kwa masharti lakini. Kwanza dobi ajaribu. Pili, shuka lililotumika halilipwi bei ya jipya la dukani. Mwombe risiti au bei ya alikonunulia, mkubaliane humo katikati, nadhani itaangukia kwenye 50,000 au 60,000. Tatu, ukishalilipia ni lako, mwambie utakuja kulichukua. Nimeona watu wakilipishwa shuka ambalo wiki ya pili bado limetandikwa, doa likiwa limegeuziwa miguuni.

Vitanda kutovuliwa: usilipe. Kumvulisha mgeni mashuka ni uvivu wa mwenye nyumba uliovaa koti la masharti. Novemba 2022 Brian Chesky, mkuu wa Airbnb, alitangaza kwamba mgeni hapaswi kufanyishwa kazi zisizo na maana wakati wa kuondoka, na mifano aliyoitaja ni hiyohiyo ya kuvua vitanda, kufua na kupiga mashine ya vumbi. Alichosema ni haki kumtaka mgeni ni kuzima taa, kutupa mabaki ya chakula kwenye taka na kufunga milango. Tena waulize wanaofanya kazi hii, wengi wanapendelea wakute kitanda kama kilivyo. Shuka likiwa kitandani anaona doa liko wapi, anakagua godoro, anatazama kama kuna kunguni. Likiwa limefungwa furushi pamoja na taulo zenye maji, kwenye joto la Dar, hadi yeye afike lina harufu. Mumeo hapo alikuwa sahihi, ingawa nina wasiwasi hakuwa amefikiria kunguni.

Sufuria mbili zilizolowekwa ndani ya maji ni jambo la kiungwana. Anayetoza ukoko hajawahi kupika pilau.

Usumbufu kwa majirani, 50,000, nayo usilipe. Majirani gani waliopokea? Kama serikali ya mtaa au manispaa ilimpiga faini, faini ya namna hiyo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, na stakabadhi yake ipo. Akikuletea stakabadhi, tutazungumza. Asipoileta, hiyo ni hasira yake ameiwekea bei. Jirani aliyezungukwa na pampasi, kama unaijua nyumba yake, mpelekee pole siku utakapokwenda kuchukua mashuka. Hiyo haina bili.

Sasa kuhusu njia ya kulipa, na hapa ndipo siku zinapohesabika. Mlipanga ndani ya programu, malizaneni ndani ya programu. Pesa ikiingia kwenye simu ya mtu, kesho anaweza kukuletea bili ya pili na huna pa kuonyesha kwamba mlikwisha kubaliana. Mwenye nyumba ana siku 14 tangu mlipoondoka za kuwasilisha madai ya uharibifu humo. Akiwasilisha, wewe una saa 24 za kujibu, na ukikaa kimya anaruhusiwa kuwaita Airbnb waamue. Kwa hiyo simu hiyo unayoikimbia, usiikimbie. Fungua programu asubuhi na jioni. Zile meseji za WhatsApp zipige skrinishoti zote, hasa ile ya "hutapata nyumba tena", kwa sababu kumtishia mgeni kwa maoni mabaya ili atoe pesa ni kinyume cha kanuni zao.

Maoni yenyewe yasikunyime usingizi. Nanyi mna siku 14 za kuandika, wewe na yeye, na hakuna anayeona ya mwenzake hadi wote muwe mmeandika au siku hizo ziishe. Hawezi kusoma yako kwanza halafu akulipizie. Andika ya kwako kwa ukweli: nyumba nzuri, jiko zuri, ua una kivuli, pipa la taka ni moja dogo na hakuna maelezo ya siku ya gari. Mgeni anayefuata atakushukuru. Mwenye nyumba akiwa na akili atanunua pipa.

Ujumbe wenyewe nimekuandikia, utume ndani ya programu, usiongeze maneno ya hasira na usipunguze:

"Habari za kazi kaka. Picha na bili nimezipokea, na pole kwa yaliyotokea getini. Taka zetu zilikuwa nyingi kuliko kawaida kwa sababu tulikuwa na wageni mchana. Kuziweka nje ya geti tulielekezwa na mlinzi, na ndani hapakuwa na pipa la kutosha wala maelezo ya siku ya gari. Kwa upande wangu nitachangia shilingi 40,000, na naomba dada aliyezoa aongezewe kutoka humo. Mashuka yenye hina nitayalipia, nitumie risiti au bei uliyonunulia, na uniambie dobi amesemaje. Nikishalipa nitakuja kuyachukua. Vitanda, sufuria na usumbufu wa majirani sitavilipia. Tafadhali wasilisha ombi lako hapahapa nami nitalipa hapahapa."

Akikubali, mwisho wa habari. Akikataa akawaita Airbnb, huo ujumbe, picha na jibu la mlinzi ndivyo watakavyosoma. Akiliibua suala la wageni, usikane. Sema ilikuwa shughuli ya mchana ya kina mama, iliisha saa mbili, na uko tayari kulipia kilichoharibika. Kukana mbele ya mtu ambaye huenda ana kamera getini ni kujichimbia.

Desemba, usikodi nyumba ya kulala ukaifanya ukumbi. Wageni wa Tanga wakilala Mikocheni au Mbezi Beach, walale. Watakaokuja kula, waende ukumbini au wafungiwe turubai Tabata kwa ruhusa ya mtaa, na muziki uzimwe kwa wakati. Kabla ya kulipia hiyo nyumba, muulize mwenyewe kwa maandishi, ndani ya programu: taka zinawekwa wapi, gari linapita siku gani, mapipa makubwa ni mangapi, na mkitoka siku ambayo gari halipiti nani anazibeba. Asiyeweza kujibu hayo manne hana nyumba ya kupangisha, ana nyumba tu. Mwambie idadi halisi, wanaolala na wanaopita. Akisema hapana, afadhali usikie hapana ya Novemba kuliko bili ya Desemba. Ukipata anayesema ndiyo kwa kuongeza ada ya taka, ilipe na uombe iandikwe.

Wageni wenyewe uwape kazi tangu siku ya kwanza, msingoje alfajiri ya kuondoka na mama mkwe apewe ufagio. Kijana mmoja wa taka. Chupa za maji zikae kwenye kiroba chake, wako waokota chupa wanaouza kwa kilo, watazifuata wenyewe na kukushukuru. Makreti ya soda yarudi dukani na chupa zake 24, ile dhamana ni pesa yako. Mabaki ya samaki yagandishwe kwenye friza hadi siku ya gari au hadi saa ya kuondoka. Wengi hawalijui hili, na linaokoa mengi: kilichoganda hakinuki na kunguru hakioni. Sharti moja, mfuko uandikwe kwa maandishi makubwa, usije ukapikwa.

Namba ya yule dada wa usafi unayo, alikupigia mwenyewe. Sina hakika kwamba kaka yule atamwongezea chochote hata ukimwomba kwa maandishi. Mtumie elfu kumi ya kwako moja kwa moja, leo, usisubiri bili nyingine ijadiliwe. Na muulize kama hereni ilipata mwenyewe.